Muulize Shangazi: Unga Hautembei Wenyewe

Toleo lililopita niligusia kidogo habari ya corona ya 2020 na njaa iliyojificha ndani ya nyumba zetu hapa Tanga, basi barua zimemiminika mpaka nimeshindwa kumjibu mtu mmoja mmoja. Nimechagua tano ambazo naona zinabeba na za wengine. Safu ya mapenzi na ndoa tunairudia toleo lijalo, mnisamehe, hili la chakula limenikaa moyoni.

Shikamoo Shangazi. Mimi ni katibu wa kikundi cha kina mama Makorora. 2020 sisi tulichanga, msikiti ukachanga, kanisa likachanga, vijana wa maskani nao wakachanga, kila mtu na lake. Mwisho wa siku kuna nyumba ilipata unga mara tatu na kuna bibi mmoja nyuma ya soko hakupata hata kibaba. Sasa tumekaa vikundi vinne, tunataka ugonjwa mwingine ukija utukute tumejipanga. Hela tuziweke pamoja au kila mtu abaki na zake? Na tunaanzia wapi?

Marahaba mwanangu. Msijilaumu sana, mimi mwenyewe nilikuwa mweka hazina wa kamati ndogo Ngamiani na yetu ilikuwa hivyo hivyo, kuna nyumba ilikuwa inapokea kila Ijumaa na jirani yake kafunga mlango, ndani wanakunywa chai ya rangi kutwa nzima na hakuna anayejua.

Jibu langu: hela msiziunganishe, unganisheni daftari.

Najua wengi wanadhani kushirikiana ni lazima kuwe na mfuko mmoja. Mfuko mmoja unaleta maneno, nani asaini, nani ashike kadi ya benki, kwanini mtaa fulani umepata zaidi, mkija kushtuka wiki mbili zimekatika mko vikaoni na watu wana njaa. Kila kikundi kibaki na hela zake na mweka hazina wake, ila majina ya kaya yawe kwenye kaunta buku moja, na mara moja kwa wiki, tuseme Jumatano baada ya alasiri, mtu mmoja kutoka kila kikundi akae na wenzake aseme wiki hii nina kiasi gani na napeleka wapi. Nusu saa inatosha. Kwenye hiyo kaunta buku andikeni jina la mkuu wa kaya, wako wangapi, wanakaa barabara ya ngapi na nyumba ina alama gani, kuna mgonjwa au mtoto mchanga, wamepewa nini, tarehe gani, na nani kapeleka. Hiyo ya nani kapeleka msiiruke hata siku moja, maneno yakianza ndo itawaokoa.

Halafu orodha ya balozi ni mwanzo tu, msiishie hapo. Balozi anawajua wenye nyumba. Wapangaji wa chumba kimoja wanaohama hama hawajui, dada wa kazi aliyeachishwa na bosi wake hamjui, na wavuvi wa dago waliotoka mbali hawapo kwenye orodha ya mtu yeyote. Nyie nendeni kwa mangi. Mwenye duka la mtaa ndo mtu wa kwanza kujua njaa imeingia nyumba gani, maana anaona nani kaacha kununua mafuta ya kupima, nani alikuwa ananunua kilo sasa anaomba robo tena kwa mkopo. Sisi tulichelewa kumuuliza, tungemuuliza mapema yule bibi wenu na wetu wangeonekana.

Na mkumbuke njaa ya mwaka ule ilikujaje, kwa sababu itakuja vile vile. Hapa kwetu hakuna aliyefungiwa ndani, masoko yalikuwa wazi, Mgandini unga ulikuwepo na mchele ulikuwepo. Kilichokauka ni kipato. Mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 16 Machi kule Arusha, kesho yake shule zikafungwa, mama anayeuza vitumbua getini kwa wanafunzi akaamka hana wateja. Daladala zikawa levo siti, abiria ni wa kukaa tu, konda analalamika, mwenye gari analalamika. Katikati ya Mei Kenya wakafunga mpaka isipokuwa kwa mizigo, na wale kina mama wetu wa Horohoro wanaokwenda na kurudi na vibiashara vidogo wakakaa nyumbani. Kwa hiyo usitegemee kumuona mwenye njaa kwa nguo zake, alikuwa na kazi yake nzuri tu mwezi jana.

Sasa hela zenyewe, na hapa naomba mnisikilize kwa makini maana nilijifunza kwa uchungu. Sisi hela yote tulinunua unga na maharage, tuliona haya kutumia hata shilingi kwa kitu kingine, hela ya sadaka hiyo. Tukapewa stoo ya bure, chumba cha nyuma nyumbani kwa mtu, tukashukuru, viroba tukavilaza sakafuni. Na ilikuwa masika, mnaijua masika ya Tanga. Siku ya tano naingia kuhesabu, nashika kiroba cha chini kabisa kimeng'ang'ania sementi, nikakivuta kikachanika, unga umeganda mabonge kama chokaa, nikaingiza vidole katikati nikakuta joto na ile harufu ya uvundo ikanipanda puani. Viroba tisa vya kilo 25. Kuna mwenzetu alisema tuuanike juani tuuchekeche tugawe, kwa nia njema kabisa, nikakataa, kwa sababu 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyoingia kwenye mahindi na sumukuvu haitoki kwa kuchekecha wala kwa kupika. Tukautupa. Kilo 225. Chaga chache za mbao chakavu za kuinulia viroba visiguse sakafu, ambazo fundi angezipiga asubuhi moja, zingeuokoa unga wote ule.

Kwa hiyo kwenye kila laki moja mtakayochanga tengeni elfu ishirini mpaka ishirini na tano ya kukifikisha chakula: kukodi kirikuu, mafuta ya bodaboda, chaga, mifuko, mzani, vocha ya simu, ndoo na sabuni ya kunawia pale mnapofungashia. Na muwaambie wachangiaji mapema, kabla hawajatoa. Mtu akiambiwa mwanzoni anaelewa, akija kugundua mwishoni anasema mmekula.

Kipimo nacho msibahatishe. Mgao wa msaada unaotumiwa sana na mashirika ya chakula duniani unahesabu mtu mmoja kwa siku kama gramu 400 za nafaka, gramu 60 za kunde, gramu 25 za mafuta na gramu 5 za chumvi. Ukiipigia hesabu kaya ya watu watano kwa wiki mbili unapata kilo 28 za nafaka, maharage kilo 4 na kidogo, mafuta karibu lita mbili, na chumvi pakiti moja inabaki. Sasa rudi kwenye zile kilo 225 nilizotupa, ni nafaka ya kaya nane kwa wiki mbili. Mpaka leo nikipita ile nyumba yenye stoo nazihesabu.

Msiwaite watu wapange foleni sehemu moja. Tarehe 10 Aprili 2020 kule Kibera, Nairobi, watu walikanyagana wakigombea chakula cha msaada na wengi wakaumia, tena wakati wa ugonjwa wa kuambukiza, unaona msaada wenyewe unavyogeuka hatari. Tanga tuna baiskeli kila nyumba, vijana wanne wenye baiskeli wanamaliza mtaa kwa asubuhi moja, unagonga unaweka mlangoni unasogea pembeni.

Mnaanzia wapi? Kwa mtendaji wa mtaa, mjulikane, halafu afisa maendeleo ya jamii wa kata awaelekeze usajili wa kikundi kama bado, na muulize kuhusu kibali cha kuchangisha watu kabla hamjaanza kuchangisha. Kuna kamati za maafa kuanzia mkoani mpaka huku chini, ombeni mtu wenu awe anaitwa kwenye vikao. Hizi fanyeni sasa hivi mkiwa mmetulia.

Shangazi, mwanangu yuko Marekani, ananiambia 2020 serikali ya kule ilitoa hela nyingi kwenye benki za chakula. Hiyo benki ya chakula ndo kitu gani, na sisi tusio na hela hizo tunaiga nini? Mzee wa Chumbageni.

Kaka yangu, mwanao anasema kweli. Benki ya chakula ni ghala kubwa linalopokea chakula kutoka kwa wakulima, viwanda, supamaketi na serikali, halafu linavisambazia vituo vidogo, vingi vya makanisa na vikundi vya mitaa, na hivyo vituo ndo vinamgawia mwananchi. La kwanza lilianza Phoenix, Arizona, mwaka 1967, mwanzilishi wake John van Hengel, na leo mtandao wao mkubwa unaoitwa Feeding America una maghala ya namna hiyo kama 200.

Serikali kuu yao ina mpango unaitwa TEFAP, upo tangu 1981. Inanunua chakula yenyewe, inakigawa kwa majimbo, majimbo yanapeleka kwenye maghala. Corona ilipoingia walipitisha sheria mbili ndani ya siku tisa, tarehe 18 Machi 2020 wakaongeza dola milioni 400 kwenye huo mpango, tarehe 27 Machi wakaongeza milioni 450. Sasa kaka tulia hapa. Kwenye zile 400 sheria iliruhusu mpaka milioni 100 zitumike kuhifadhi na kusambaza, na kwenye zile 450 mpaka milioni 150. Robo, halafu theluthi. Watu wenye malori, wenye majokofu makubwa kama nyumba, bado walijua kwamba hela ya kufikisha ni sehemu ya hela ya chakula. Niliposoma hayo nilikumbuka viroba vyangu tisa nikakaa kimya muda mrefu.

Na walikuwa na sababu. Wanaojitolea kwenye vituo vile wengi ni wazee, na wazee ndo walioambiwa wakae ndani, kwa hiyo ghafla mikono ikapungua, majimbo mengi yakaita askari wa akiba waje wafungashe maboksi. San Antonio, Texas, tarehe 9 Aprili familia kama elfu kumi zilijitokeza kwa siku moja kusubiri chakula, magari yamejipanga mpaka jicho linachoka. Na wakati huo huo wafugaji wanamwaga maziwa kwa sababu mahoteli na shule waliokuwa wateja wao wamefunga. Chakula kipo, mwenye njaa yupo, katikati hakuna njia. Sisi tunaijua hali hiyo bila corona, nenda Muheza msimu wa machungwa uone yanavyooza chini ya miti huku mjini mtoto ananunuliwa moja wanagawana watatu.

La kuiga ni hili. Kwanza mgao wao hauendi sawa kwa sawa, asilimia 60 unaangalia jimbo lina maskini wangapi na asilimia 40 wasio na ajira wangapi. Sisi huku tunapenda kugawa nusu kwa nusu ili pasiwe na manung'uniko, kata hii viroba hamsini na ile hamsini, wakati huku kuna kaya za shida mia na kule kumi na tano. Hiyo si haki hata kama inaonekana haki. Hesabuni kaya kwanza.

La pili naliazima jirani zaidi. Uganda, Aprili 2020, serikali ilipoanza kugawa chakula Kampala na Wakiso ilitangaza kipimo wazi, kila mtu kilo 6 za unga wa mahindi, kilo 3 za maharage, na chumvi, na anayenyonyesha na mgonjwa anaongezewa maziwa ya unga na sukari. Kipimo kikishatangazwa, mtu akipewa kilo nne anajua zake mbili zimebaki wapi. Bandikeni chenu kwenye mlango wa stoo, kwa maandishi makubwa.

Kwanini msitume tu hela kwa simu? Mimi ni mpangaji Mabawa, mwaka ule nililetewa kilo kumi za sembe wakati nadaiwa kodi na mtoto anaumwa. Nilishukuru ila nililia.

Mwanangu, una haki ya kulia na swali lako ni zuri kuliko ushauri wa watu wengi. Soko likiwa wazi na bidhaa zipo, kama ilivyokuwa kwetu, hela ni bora kwa watu wengi kwa sababu wewe ndo unajua leo tatizo ni dawa au ni unga. Serikali yenyewe kupitia TASAF, mfuko wake wa maendeleo ya jamii, imezilipa kaya maskini hela taslimu kwa miaka mingi. Mkituma tumeni na ya kutolea, msimkate mtu hela ya sadaka kwa makato ya wakala.

Chakula chenyewe nakibakiza sehemu tatu. Kwa mzee anayekaa peke yake na hawezi kwenda sokoni. Kwa asiye na laini yake mwenyewe, na hawa ni wengi, mnakumbuka mwanzoni mwa 2020 hiyo hiyo laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilizimwa, wengi wakawa wanatumia laini ya shemeji au ya jirani, hela ikitumwa huko kuipata ni kupiga magoti. Na pale bei inapoanza kupaa kila siku, maana elfu kumi ya Jumatatu Ijumaa haifiki.

Muulizeni mtu anataka nini. Swali hilo halina gharama na sisi hatukuuliza.

Assalaam alaykum Shangazi. Mimi ni mwalimu wa madrasa. Ramadhani ya 2020 iliingia ugonjwa umeshapamba moto, zaka na sadaka zikaja nyingi kwa wakati mmoja. Tukishirikiana na wenzetu wa kanisa kama mnavyoshauri, zaka inaingia humo?

Wa alaykum salaam ustadh. Hukumu yake wewe na masheikh wenu mnaijua kuliko mimi, naongea upande wa hesabu tu. Zakatul fitri ina wakati wake, itoke kabla ya swala ya Idd, na ina kipimo chake, pishi ya chakula kwa kila kichwa, na ina watu wake, kwa hiyo iwe na kitabu chake na mfuko wake peke yake, isiguse gharama ya kirikuu wala ya chaga. Sadaka ya kawaida ndo hiyo ya kulipia usafiri na ya kumlisha jirani yeyote. Kwenye kile kikao cha Jumatano wewe unasema tu kaya hizi ishirini wiki hii msikiti umezibeba, wenzako wa kanisa wanaelekeza zao kwingine. Hakuna hela iliyochanganywa na hakuna nyumba iliyorukwa. Ila jambo moja ustadh, chakula kinakuja kingi mwezi mtukufu halafu baada ya Idd kimya, na njaa ya 2020 haikuisha Idd, shule za msingi zilifunguliwa mwisho wa Juni. Wale wanaotoa sadaka waombeni wagawe, nusu sasa nusu mwezi unaofuata.

Shangazi, sisi vijana wa Usagara tumepata mfadhili ila anataka picha za watu wakipokea chakula. Bila picha hatoi awamu ya pili. Tufanyeje?

Msipige.

Najua ni maneno magumu kwa kijana anayetafuta hela ya unga. Nitakwambia nilichokiona. Tulifika nyumba moja na kiroba, mama akatoka kajitanda khanga yake vizuri, amekuja kupokea, mwenzetu akainua simu. Yule mama aliangalia simu, akaangalia kiroba, akakirudisha kwa mguu taratibu upande wetu wa kizingiti, akasema "Ahsanteni, sisi tumekula." Na watoto watatu nyuma yake wanatuangalia. Alikuwa anafundisha shule binafsi, mshahara ulikatika Machi, wanafunzi wake wangeiona ile picha.

Mfadhili mpeni vitu vinavyothibitisha zaidi ya sura ya mtu: picha ya viroba juu ya mzani, risiti za duka zenye tarehe, ukurasa wa kaunta buku mmeziba majina, idadi ya kaya, na namba ya simu ya mtendaji wa mtaa ampigie mwenyewe aulize. Mwambieni aje siku moja abebe kiroba na nyie atembee nyumba kumi. Wengi wakielezwa kwa heshima wanaelewa, wa kwetu alielewa. Asipoelewa mkubali awamu ya pili ikose, chukueni listi yenu muipeleke kikao cha Jumatano na vikundi vingine vizibebe zile kaya mpaka mpate mtu mwingine.

Yule mama tulirudi kwake usiku baada ya isha, watu wawili tu, simu tumeziacha nyumbani. Alifungua, akachukua, akatuuliza kama tuna maji ya kunawa.